Gemu la familia, makofi ya kweli

Dada yangu alinitia noti mkononi, akavifunga vidole vyangu mwenyewe kama vile anamtuma mtoto mafuta ya taa. "Elfu hamsini hiyo. Nenda Kariakoo ukamletee mwanangu gemu. Lakini nisikilize vizuri: lisiwe la fujo. Ukiniletea la watu kupigana, utalirudisha usiku huu huu."

Mpenzi msomaji, kabla hujacheka, ngoja nikueleze kuhusu dada. Miaka mitatu iliyopita alirudi nyumbani kwetu Ilala saa tano usiku, mtoto kamlaza begani, begi moja, jicho moja limefumba. Hakueleza kitu na hakuna aliyemuuliza, maana lile jicho lilishajieleza lenyewe. Tangu usiku ule, kwenye TV yetu hapiti mtu anayerusha ngumi. Mieleka marufuku. Filamu za Kichina marufuku. Hata tamthilia za Kifilipino, akitokea mume mwenye sauti ya juu tu, rimoti inadakwa. Kwa hiyo "fujo" kwa dada si neno la kupitisha muda.

Mwanawe, ambaye humu nitamwita dogo, alikuwa ameshika nafasi ya sita darasa la pili, na ahadi ni deni. Basi bwana, nikaikanyaga Barabara ya Uhuru kwa miguu mpaka Kariakoo.

Ukipita Mtaa wa Kongo saa sita mchana hutembei, unasogezwa. Nilisogezwa na mimi, mkono mmoja mfukoni kama mtu anayeumwa tumbo, mpaka nikajichomoa kuelekea kwenye maduka ya elektroniki upande wa Aggrey. Duka la kwanza tu, kijana akaniwahi.

"Bosi, la watoto au la wakubwa?"

"La mtoto wa miaka minane. Lisilo na fujo."

"Hapo umefika! Hili la kifamilia kabisa, kaka. Hata ustaadhi anacheza na wanawe."

Akanionesha boksi lenye picha ya watoto wa Kizungu wanacheka mpaka magego, na maandishi kwamba ndani yake mna magemu 620. Akachomeka kwenye kijitelevisheni, ukalia ule muziki, akatokea jamaa mwenye masharubu na kofia nyekundu. Mario! Mwenzenu nilimjua Mario kwa kuchungulia dirishani kwa jirani, maana ndani walikuwa wanaingia wenye viatu. Roho ikalainika. Tukavutana bei, nikaondoka nalo kwa elfu arobaini na tano. Ile elfu tano iliyobaki dada hajaiuliza mpaka leo, na akisoma hapa, basi tena.

Yule muuzaji hata hakunidanganya sana. Vile vijimashine vya bei poa ni nakala za mashine ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983, iliyoitwa Famicom. Jina hilo ni ufupisho tu wa maneno yenye maana ya "kompyuta ya familia". Ufamilia umo kwenye jina tangu siku ya kwanza.

UYOGA KAKOSA NINI?

Usiku, baada ya taarifa ya habari, tukachomeka. Dada alikuwa na ungo anachambua mchele, lakini jicho liko kwenye kioo. Dogo kashika pedi (ya gemu, msinielewe vibaya), Mario anatembea. Mbele yake kikatokea kidudu cha kahawia chenye umbo la uyoga, kimenuna. Dogo akaruka, akakitua kichwani. Kikawa chapati.

"Huyo kafanya nini?" dada akauliza.

"Nani?"

"Huyo uliyemkanyaga."

"Hajafanya kitu mama. Anatembea tu."

Mchele ukaacha kuchambuliwa. "Kwa hiyo mtu anatembea zake, wewe unamkanyaga?"

Nikaona bora nimtetee mteja wangu. "Dada, ule ni uyoga."

"Una macho."

Sikuwa na jibu. Dakika haijaisha akatokea kobe, naye akakanyagwa, akaingia ndani ya gamba lake, na dogo akalipiga teke lile gamba likaenda kuwafyeka wenzake watatu waliokuwa kwenye foleni. Pointi zikapanda. Dogo akashangilia. Dada akanitazama mimi, si yeye.

Nikamwambia dogo abadilishe, achague jingine kwenye yale 620. Akaweka Contra. Wanaume wawili, vifua wazi, bunduki zinamwaga risasi hata kabla hujabonyeza kitu vizuri. "ZIMA!" Sekunde kumi hazikufika.

Usiku ule nilikosa usingizi, si utani. Contra unawapiga risasi watu wanaokupiga risasi. Mario unamkanyaga kiumbe aliyekuwa anajiendea zake. Sasa lipi la fujo zaidi? Na tatizo jingine ni la lugha. Waingereza wana neno moja linalobeba yote. Sisi tuna fujo, vurugu, ukatili, mabavu, ubabe, na kila moja lina mlango wake. Uyoga kugeuzwa chapati si fujo, maana pale hapakuwa na kelele wala rabsha. Lakini je, si ukatili?

Nikaingia mtandaoni na simu yangu, bando la wiki likaishia humo. Niliyokutana nayo ni mambo! Kijitabu cha maelekezo kilichouzwa pamoja na Super Mario Bros. mwaka 1985 kinasimulia kwamba raia wapenda amani wa ufalme wa uyoga walirogwa, wakageuzwa kuwa mawe, matofali na mimea. Matofali! Na kazi ya mtoto siku nzima ni kuruka na kupasua matofali. Hilo dada sikumwambia.

DAMU NA JASHO

Wenzetu Wamarekani walishagombana juu ya jambo hili mpaka kwenye Seneti. Mwaka 1992 lilitoka gemu la kupigana liitwalo Mortal Kombat, kwanza kwenye zile mashine kubwa za kutumbukiza sarafu. Humo ukishinda unaweza kumng'oa mwenzako moyo. Mwaka 1993 likaingia majumbani, na hapa ndipo penye kichekesho. Nintendo, wakijiona watu wa familia, waliamuru damu iondolewe. Mtu akipigwa ngumi yanaruka matone ya kijivu, kama jasho. Kwa washindani wao Sega damu ilikuwepo, ila imefichwa, mpaka ubonyeze namba ya siri. Kila mtoto aliijua hiyo siri. Ngumi zile zile, mateke yale yale. Tofauti ni rangi ya maji yanayoruka.

Desemba 1993 maseneta wakawaita wenye makampuni na kuwahoji. Matokeo yake, mwaka 1994 ikaundwa bodi iitwayo ESRB ya kupanga magemu kwa umri. Daraja la chini kwa sasa ni herufi E, maana yake ni la kila mtu, na linaruhusu vurugu kidogo za katuni au za kubuni. Mwaka 2005 wakaongeza daraja la kuanzia miaka kumi. Ulaya nao wana PEGI tangu 2003: daraja lao la miaka mitatu linaruhusu ukatili mdogo sana, mradi uwe wa kuchekesha au wa kitoto. Kwa maneno mengine, ukimpiga mtu halafu watu wakacheka, si neno. Naomba hiyo "wakacheka" uishike, msomaji, tutairudia.

Kwetu je? Sheria yetu ya mwaka 1976, ambayo Bodi ya Filamu inaisimamia, ni ya filamu na michezo ya kuigiza. Kwenye diski za kunakili unazouziwa barabarani hata boksi halipo. Hiyo herufi ya Mmarekani utaisomea wapi? Daraja la gemu Kariakoo ni mdomo wa muuzaji.

Walioniacha hoi ni watafiti wawili wa Harvard, Kimberly Thompson na Kevin Haninger. Mwaka 2001 walichapisha kwenye jarida la madaktari la JAMA kazi ambayo mimi ningeifanya bure: walikaa kucheza magemu 55 ya daraja la kila mtu, wakahesabu. Katika 35 kati ya hayo, yaani asilimia 64, walikuta ukatili wa makusudi. Na katika 33, kumuumiza mwenzako kulikuwa kunatuzwa au ni lazima ili usonge mbele. Hayo ndiyo ya familia!

Lakini ili uhesabu lazima kwanza useme unahesabu nini. Wao walisema ukatili ni pale mhusika anapomuumiza au kumuua mwingine, au anapojaribu. Ajali haihesabiwi. Ukidumbukia shimoni haihesabiwi, maana shimo halina nia mbaya na mtu. Na michezo ya kawaida, kwa mfano kukabana kwenye mpira, haihesabiwi pia, mpaka mtu apitilize mipaka ya mchezo wenyewe.

Sikatai kipimo chao, ila kina kasoro moja: uyoga na mtu wanaingia kapu moja. Ukienda kwa sekunde tu, Mario anaweza kuonekana muuaji wa kutisha. Hata Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2011, ilipoifuta sheria ya California ya kuzuia magemu ya ukatili yasiuzwe kwa watoto, Jaji Scalia aligusia kwamba mtaalamu waliyemtegemea California alikiri kuona athari zile zile kwa watoto wanaotazama katuni za Bugs Bunny. Kama kila kitu ni sumu, utamnywesha mtoto nini?

Nikaamua kujaribu mwenyewe. Jumapili mchana, saa ya simu mkononi, dogo anacheza, mimi napiga alama kwenye daftari kila anapomkanyaga mtu. Tukafika alama kumi na tisa, dogo akachoka na maswali yangu.

"Hapo umempiga?"

"Nimemkanyaga."

"Ni fujo hiyo?"

"Si fujo anko. Fujo ni mpaka mtu alie."

"Na asipolia?"

Akasimamisha gemu. Akafikiri kweli kweli. "Basi anaogopa."

Nikafunga daftari.

KODI YA KISOGO

Wiki hazikupita nyingi, yale 620 yakachuja. Ukweli mengi ni lile lile limebadilishwa rangi. Wenzake shuleni walikuwa wanaongelea mpira, lile gemu lililokuwa linaitwa FIFA mpaka toleo la 23, na ambalo sasa ni EA Sports FC. Nyuma ya mtaa wetu kuna kibanda cha mabati, TV tatu, PlayStation tatu, shilingi mia tano mechi. Dogo akaomba ruhusa. Dada akauliza swali lake moja: "Wanapigana?" Hapana, mpira tu. Dada akampa mia tano kwa mkono wake. Na kwa vipimo vyote alikuwa sahihi: huko Ulaya gemu hilo limepewa daraja la miaka mitatu, Marekani herufi E. Hata wale wa Harvard wasingeliandika kitu. Mchezaji akicheza rafu mbaya anapewa kadi, basi.

Jumamosi ile jioni dada alikuwa anamwogesha uani. Nilikuwa nakunja nguo kwenye kamba, nikasikia kimya kinaanguka.

"Nani kakupiga?"

"Hakuna."

"Nakuuliza nani?" Kisogo cha mtoto kilikuwa chekundu, kimevimba upande mmoja.

"Tulikuwa tunacheza mama. Ni utani."

Mkono wa dada ukaganda na sabuni yake. Mimi najua kwa nini. Shemeji alipotuma wazee waje kusuluhisha, mzee mmoja alikunywa chai yetu, akafuta mdomo, akasema yale yaliyotokea ni utani wa mke na mume.

Alimfuta maji mtoto, akamvalisha, akajifunga kanga, akatoka. Nikamfuata nyuma nikijua leo kuna kasheshe. Hakukuwa na kasheshe. Afadhali ingekuwepo.

Mwenye kibanda ni kijana wa rika langu. "Shikamoo dada."

"Marahaba. Humu mna gemu la kupigana?"

"Lipo Mortal Kombat, lakini usiku, la wakubwa. Mchana watoto hawa nawawekea mpira tu." Alisema kwa fahari, na alistahili. Kuna vibanda havijali.

"Naomba nitazame."

Akasimama mlangoni mechi nzima. Akapewa kiti, akakataa. Vijana wawili wa sekondari kwenye TV ya kati, na kwenye TV ya pembeni vitoto viwili, mmoja mdogo kuliko dogo. Yule mdogo akafungwa tatu bila. Filimbi ya mwisho ikalia. Na hapa msomaji ndipo mwili ulinisisimka: yule mtoto aliweka pedi chini na kuinamisha kichwa mwenyewe, shingo wazi, bila kuambiwa na mtu. Mwenzake akainua mkono.

Dada aliudaka ule mkono hewani. Hakuuminya. Aliushika tu.

Sheria yao ilikuwa hivi: kila goli unalofungwa, kofi moja la kisogo. Wanaita kodi. Dogo alicheza na mwanafunzi wa kidato cha pili, akafungwa tano. Alilipa zote na hakulia, kwa hiyo kwa maelezo yake mwenyewe ya Jumapili ile, fujo hapo haikuwepo.

"Dada, hiyo mimi simo," mwenye kibanda akajitetea. "Wamekubaliana wenyewe. Mimi nauza muda."

"Na wanaopigana Mortal Kombat usiku, nao wanapigana makofi?"

"Aah, wale wanacheza kimya kimya tu. Wanaondoka."

Dada akamgeukia yule aliyemshika mkono, akamuuliza kwa upole, shuleni akikosa hesabu mwalimu anafanyaje. "Anatuchapa," mtoto akajibu, na kibanda kizima kikacheka. Ile ile "wakacheka" niliyokuambia uishike. Tena kwa kanuni za mwaka 2002, viboko shuleni visizidi vinne, na ni mkuu wa shule anayechapa au anayetoa ruhusa. Dogo alikula vitano vya mkono, kutoka kwa mtu asiye na ruhusa ya yeyote, kwenye mchezo ulioruhusiwa na kila mtu.

Kuna utafiti wa kitaifa uliofanyika nchini mwaka 2009 na ripoti yake ikatoka 2011. Karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walisema walishafanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kufikisha miaka 18. Wanaotajwa humo ni ndugu, walimu, wapenzi. Nikikumbuka takwimu ile naona kama tunamkagua Mario getini huku mlango wa uani uko wazi. Harvard walihesabu yaliyo kwenye kioo, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yao. Visogo vilivyo mbele ya kioo ni kazi ya nani? Mimi nilimpeleka dogo pale mara mbili mwenyewe, nikamwacha mlangoni, nikaenda kijiweni. Zile siku mbili sikuangalia shingo yake.

Mwenye kibanda kwa kweli alijitahidi. Kesho yake alibandika kipande cha boksi ukutani, kimeandikwa kwa kalamu nene: HAKUNA KODI. Sasa aliyefungwa anapiga pushapu tano kila goli, na wadogo wameanza kutoka vifua. Ingawa nikipita jioni, mara mbili nimeshasikia mlio ambao si wa pushapu.

Dogo hajakatazwa kwenda. Hilo lilinishangaza, nikamuuliza dada. Akasema akimkataza ataenda kwa siri, na akipigwa atasema ni utani. Sasa anamuuliza jambo moja tu akirudi, wala si kama wamepigana. Anamuuliza: "Leo nani aliinamisha kichwa?" Na dogo anamwambia.

Na juzi umeme uliporudi nikamkuta dada peke yake sebuleni, pedi mkononi, kaishika kama anavyoshika mwiko. Anacheza Mario! Nikajibanza mlangoni. Uyoga wa kwanza ukaja; akaruka, akatua upande wa pili. Uyoga ukapita zake. Kobe akaja, naye akarukwa. Matofali hakuyagusa, na sijui nani alimwambia.

Dogo akaingia kutoka uani, akashika kichwa. "Mama, mkanyage! Unapoteza pointi!"

"Kanikosea nini?"

Akaruka kobe mwingine, akatumbukia shimoni. Akaanza upya, akatumbukia tena. Alikufa mara saba usiku ule, zote kwenye shimo lile lile, na kwa hesabu za Harvard nyumba yetu ilipata sifuri.